Jani la Njano: Nani Ana Haki ya Kusema Udongo Una Njaa?

Mwezi Januari mwaka jana mjomba wangu alinipigia simu kutoka Mbesa. Mbesa iko wilayani Tunduru, upande wa Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, katika mkoa ambao makao yake makuu ni Songea. Watu wengi wanaifahamu kwa hospitali yake ya misheni. Sisi wengine tunaifahamu kwa sababu ndiko kitovu cha mama zetu kilikozikwa. Baada ya salamu na habari za wagonjwa, mjomba alisema mahindi yake yamekuwa ya njano na hayapandi. Nilimjibu papo hapo, kwa sauti ileile ninayotumia darasani, kwamba hiyo ni njaa ya naitrojeni. Siku hiyohiyo nilimtumia fedha za mifuko miwili ya Urea.

Februari nilikwenda Mbesa msibani. Siku ya tatu baada ya maziko tulitembea hadi shambani. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni mwangu wakati ya jirani yalikuwa yamekwisha kutoa mbelewele. Majani ya chini yalikuwa na rangi ya zambarau pembeni, mengine yalikuwa na mistari iliyofifia, na Urea yangu ilikuwa imeyapaka kijani kidogo juu tu, kama rangi mpya kwenye ukuta wenye ufa. Mjomba aling'oa shina moja akanionyesha mizizi. Ilikuwa mifupi, minene, imejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi.

“Nilijua,” alisema. “Hapa palikuwa na mikorosho ya zamani. Pamechacha.”

“Sasa mjomba, mbona hukuniambia kwenye simu?”

“Mpwa wangu, wewe hukuniuliza. Uliniambia.”

Nimekaa na sentensi hiyo zaidi ya mwaka sasa. Mimi si mtaalamu wa kilimo. Shahada yangu ya uzamivu ni ya historia, na ninayoyajua kuhusu majani ya mahindi niliyasoma katika vipeperushi vya maafisa ugani vilivyokuwa vikigawiwa shuleni kwetu. Lakini mwanahistoria akikosea namna hii, jambo la kwanza analojiuliza ni kosa lenyewe lina umri gani. Nimegundua kwamba langu ni la zamani sana, na kwamba kabla yangu limefanywa na magavana, mawaziri na mashirika yenye fedha nyingi kuliko za mifuko miwili ya Urea.

Tuanze na elimu yenyewe, maana haina hatia. Mwaka 1828 Mjerumani Carl Sprengel alieleza kwamba mmea hukua kwa kadiri ya kile kirutubisho kilichopungua kuliko vyote, hata kama vingine vyote vimejaa tele. Mwenzake Justus von Liebig aliyeandika kitabu chake mwaka 1840 ndiye aliyelitangaza wazo hilo duniani, na kwa kawaida ndiye anayepewa sifa. Kutokana na hapo kukazaliwa sanaa ya kusoma majani. Naitrojeni ina tabia ya kuhama ndani ya mmea: ikipungua, mmea huinyang'anya kutoka kwenye majani makongwe ya chini na kuipeleka juu kwenye machipukizi. Ndiyo maana jani la chini la mhindi huanza kuwa la njano kwenye ncha, na unjano ukashuka katikati ya jani ukifuata uti wake kama herufi V. Potasiamu nayo huhama, ila huunguza kingo za jani. Salfa haihami kwa urahisi, kwa hiyo njaa yake huonekana kwenye majani machanga ya juu. Fosforasi ikikosekana, mche hugeuka zambarau. Zinki ikikosekana, jani changa hutokewa na mkanda mweupe kila upande wa uti.

Ni elimu nzuri, na ina mtego ndani yake. Jani husema kwamba mmea haupati fosforasi. Halisemi kama fosforasi haimo ardhini au imo lakini imefungwa. Katika udongo wenye uchachu mkali, aluminiamu huyeyuka, huumiza ncha za mizizi na kuifunga fosforasi isichukulike. Mmea wenye mizizi iliyoungua utaonyesha dalili za njaa tatu au nne kwa wakati mmoja, na ukiumwagia Urea unazidisha tatizo, kwa sababu Urea yenyewe huongeza uchachu kadiri miaka inavyokwenda. Jani peke yake halitoshi. Inabidi kumuuliza mtu aliyeishi na shamba.

Jambo ambalo wanafunzi wangu hushangaa kusikia ni kwamba mojawapo ya mawazo makubwa ya sayansi ya udongo duniani lilizaliwa hapahapa kwetu. Wajerumani walikuwa wameanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia huko Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902. Waingereza waliirithi, na katika miaka ya 1930 mkemia wao wa udongo Geoffrey Milne alizunguka Tanganyika akichimba mashimo. Aliona kwamba udongo haubadiliki ovyo. Kutoka kilele cha kilima hadi bondeni aina za udongo hufuatana kwa mpangilio ambao hujirudia kilima baada ya kilima. Mpangilio huo akauita katena, yaani mnyororo, na neno hilo linafundishwa hadi leo katika vyuo vya dunia nzima. Ramani yake ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1936.

Fikiria maana yake kiutawala. Kama udongo wa juu kilimani na wa chini bondeni katika shamba moja ni wa aina tofauti, basi agizo moja la wilaya nzima, tena la nchi nzima, haliwezi kuwa sahihi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na uthibitisho huo mikononi mwake. Iliendelea kutoa maagizo ya wilaya nzima.

Wajerumani kabla yao walikuwa wamelipa gharama ya ukaidi huo, au tuseme waliwalipisha wengine. Mwaka 1902 utawala wa Gavana von Götzen ulianzisha mashamba ya pamoja ya pamba katika maeneo ya kusini na pwani. Watu walilazimishwa kulima kwa siku walizopangiwa, wakati mashamba yao ya chakula yakisubiri palizi. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa mashina ya pamba. Hivyo ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza: kwa mmea kung'olewa. Na dawa yenyewe, kama inavyosimuliwa, ilikuwa maji yaliyochanganywa na vitu vya mkulima, mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama.

Songea tunajua yaliyofuata. Kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Hatukumbuki kwa kiwango hichohicho kwamba silaha iliyoua wengi zaidi haikuwa kamba wala bunduki ya mzinga. Ilikuwa njaa iliyopangwa. Majeshi ya Wajerumani yalichoma maghala, yakaharibu mashamba na kuchukua mifugo. Ghala likiungua, haliungui chakula cha mwaka huo tu, bali na mbegu ya mwaka unaofuata, yaani uteuzi wa vizazi: mtama uliozoea mvua ya bonde fulani, maharage yaliyozoea udongo wa kilima fulani. Wazee waliiita njaa ya baada ya vita “fugufugu”. Ninapofundisha somo hili huwa nawaomba wanafunzi wajaribu kuhesabu aina za mbegu zilizopotea kati ya 1905 na 1908. Hakuna anayeweza, kwa kuwa hakuna aliyeziandika.

Kuna sehemu moja ya mkoa wetu ambako mfululizo huo haukukatika kabisa. Wamatengo wa nyanda za juu za Mbinga, ambao simulizi zao zinasema walikimbilia milimani kuepuka mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, walijikuta kwenye miteremko mikali na watu wengi katika eneo dogo. Hawakuwa na nafasi ya kuhama na kuacha shamba lipumzike kwa miaka ishirini kama ilivyokuwa desturi katika misitu ya miombo. Wakabuni ngoro. Mvua zinapoelekea ukingoni hufyeka majani, wakayaacha yanyauke, kisha wakayapanga shambani kwa mistari inayokatizana kama miraba. Katikati ya kila mraba huchimba shimo na udongo wake huutupia juu ya majani, ukawa tuta lenye mbolea tumboni. Maharage hupandwa kwenye matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mashimo hukamata maji na udongo unaoteremka. Ukiusimama mlima wa Umatengo kwa mbali utadhani ni sega la nyuki.

Mwingereza A. H. Pike aliuandika mfumo huo mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na aliusifu. Hata hivyo, miaka kumi na kitu baadaye serikali ileile ilikuwa Uluguru ikiwalazimisha watu kuchimba makinga maji ya ngazi yaliyoonekana mazuri kwenye karatasi, hadi mwaka 1955 Waluguru wakaandamana na mpango ukafa. Na katikati ya hayo mawili, kati ya 1947 na 1951, ulikuja Mpango wa Karanga, uliopangwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu na ukaishia kuteketeza takribani pauni milioni 36. Nachingwea, moja ya vituo vyake, si mbali na kwetu. Babu zetu waliona reli ikijengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, na baba zetu waliiona iking'olewa. Wataalamu waliokuja na matrekta ya ziada ya vita hawakuwa wameketi hata msimu mmoja kuutazama udongo wa Kongwa ukikauka na kuwa kama saruji.

Sitaki msomaji adhani ninawasema wakoloni peke yao. Hapa ndipo pagumu kwangu, kwa sababu mimi ni mtoto wa Azimio la Arusha. Nilisoma bure, na sioni haya kulitetea mahali pengi.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, hapahapa Songea, kijiji cha Litowa na vijiji wenzake waliunda Ruvuma Development Association chini ya uongozi wa Ntimbanjayo Millinga. Walilima pamoja, walijiamulia wapande nini na wapi, walikuwa na shule yao iliyofundisha kilimo kama sehemu ya maisha. Mwalimu Nyerere alivutiwa nao. Lakini mwezi Septemba 1969 chama kilikivunja chombo hicho, kwa kuwa kilisimama nje ya mamlaka ya mkoa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1972, tukatangaza Iringa kwamba Siasa ni Kilimo. Kisha kati ya 1973 na 1976 tukahamisha mamilioni ya watu kwenda vijijini.

Operesheni Vijiji imejadiliwa sana kwa upande wa siasa na kidogo sana kwa upande wa udongo. Mkulima wa miombo alikuwa na njia moja kuu ya kutibu njaa ya ardhi: muda. Alifyeka, akachoma, majivu yakapunguza uchachu na kuleta potasiamu, akalima miaka mitatu minne, kisha akaliachia pori lirudi. Ukimweka katika kijiji chenye kaya mia tatu, shamba lake la karibu halitapumzika tena. Kwa hiyo lazima dawa nyingine itafutwe, na ilitafutwa dukani. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilikwisha kuanza mwaka 1972, kikitegemea malighafi nyingi kutoka nje. Katikati ya muongo huo ukaja Mradi wa Taifa wa Mahindi kwa fedha za Benki ya Dunia na Marekani, ukiwa na kifurushi chake: mbegu bora, mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia. Serikali ikaweka bei moja ya mahindi nchi nzima, hivyo gunia la Songea likanunuliwa sawa na la Morogoro ingawa usafiri wake hadi Dar es Salaam ulikuwa mkubwa mara nyingi.

Matokeo yalikuwa ya kweli na nisingependa kuyapuuza. Ruvuma, Iringa, Mbeya na Rukwa ziligeuka kuwa ghala la taifa. Watu waliozoea kulima tumbaku ya moshi na kuiuza kupitia Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, kilichoundwa mwaka 1936, sasa waliona fedha ya mahindi. Nyumba za bati zilijengwa. Watoto walisomeshwa, nikiwemo mimi kwa sehemu.

Lakini kifurushi kilikuwa kimoja. Mbolea ya kukuzia iliyosambazwa sana, ile Salfeti ya Amonia ambayo wakulima waliipa jina zuri la chumvichumvi, ni miongoni mwa mbolea zinazouchachua udongo haraka kuliko nyingine. Wilaya zenye udongo wa kichanga na wilaya zenye udongo mwekundu wa volkano zilipewa chumvichumvi ileile. Na mfumo mzima ulisimama juu ya ruzuku. Ruzuku ikapunguzwa hatua kwa hatua kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kufikia 1994 ilikuwa imekwisha, kwa masharti ya marekebisho ya uchumi. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwaka 1991. Bei moja nayo ilikuwa imeondoka. Mkulima wa Ruvuma akabaki na udongo uliozoeshwa chakula cha dukani, mbegu isiyorudiwa, na duka lisilo na kitu. Jani likawa la njano na safari hii kila mtu alijua sababu.

Tunduru tuna kisa chetu cha pekee, na hicho ndicho kilichokuwa chini ya miguu yangu siku ile ya Februari. Zao letu ni korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeanguka hadi kama tani 16,500. Watu walikuwa wamehamishwa mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ya kukatisha tamaa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ugonjwa wa ubwiri unga unaokausha maua kabla hayajawa korosho. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walithibitisha kwamba unga wa salfa unazuia ugonjwa huo, na walikuwa sahihi. Salfa iliokoa korosho ya Tanzania. Asubuhi na mapema, umande ukiwa bado kwenye majani, bomba linaunguruma na wingu la njano linapanda juu ya mikorosho; mtoto yeyote wa kusini anaijua harufu ile.

Pendekezo lilikuwa takribani robo kilo kwa mti kwa kila duru, duru hadi tano kwa msimu. Sehemu yake hupeperuka. Nyingine huanguka chini, na bakteria wa udongo huigeuza kuwa asidi. Hesabu yake ni ya kidato cha nne: kila kilo moja ya salfa iliyogeuka yote huhitaji kilo tatu na zaidi za chokaa kuituliza. Zidisha kwa miaka thelathini. Watafiti walilipima jambo hili katika mashamba ya kusini tangu miaka ya 1990 na wakaonya kwamba udongo chini ya mikorosho unachacha. Mkorosho wenyewe huvumilia. Tatizo huja mti ukizeeka, ukakatwa, na mtu akapanda mahindi mahali pake.

Salfa hutolewa kila mwaka, wakati mwingine kwa ruzuku, kwa magari, picha na hotuba. Chokaa ya kilimo sijawahi kuiona ikishushwa Mbesa.

Nitoke nje ya barabara kidogo. Mwanafunzi mmoja, mjuzi wa kuchokoza, aliniuliza darasani kwa nini wanahistoria wa kilimo hatuzungumzii mmea mmoja wa kienyeji ambao umeishi karne nyingi bila bwana shamba, bila ruzuku na bila mbegu bora. Darasa likacheka kwa kuwa kila mtu alijua anasema bangi. Swali lake lilikuwa zito kuliko kicheko. Jina lenyewe limesafiri na mmea kutoka India kupitia Bahari ya Hindi. Vibakuli vya kiko vilivyochimbuliwa Lalibela, Ethiopia, vya karibu karne ya 14, vilikutwa na mabaki yake. Padri Mreno João dos Santos, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1609, aliandika kuhusu bangi kulimwa na watu wa upande wa Msumbiji, yaani majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Tangu Mkataba wa Geneva wa 1925 mmea huo umekuwa suala la polisi, na kwetu leo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 humpa mkulima wake kifungo kizito. Malawi ilipitisha sheria mwaka 2020 kuruhusu kilimo chake kwa leseni, kwa dawa na viwanda, na sasa inagombea soko kwa sifa ya mbegu ile ambayo wanakijiji waliichagua kwa vizazi wakiwa wanajificha.

Simshauri mtu ailime. Nimeona vijana wa ukoo wangu walioharibikiwa nayo, na nimeona wengine walioharibikiwa zaidi na gereza. Ninachosema ni cha kihistoria. Katika nyaraka za serikali, mmea huo unaonekana kama kilo zilizochomwa na jalada la kesi, basi. Ujuzi wa nani alichagua mbegu ipi, aliipanda katika udongo gani, alifanya nini majani yalipogeuka rangi, hauna kabati katika nyaraka za taifa. Na nilipomaliza kumjibu mwanafunzi huyo niligundua kwamba ninaweza kusema karibu maneno hayohayo kuhusu mahindi ya kienyeji ya mkaza mjomba wangu, ambayo ni halali kabisa.

Kwa maana huyo mama, huku mimi na mumewe tukihesabu hasara, alikuwa na mistari minne pembeni ya shamba hilohilo. Mbegu yake hukaa juu ya dari ya jiko, ikipigwa na moshi ili wadudu wasiiguse. Aliipata kwa mama yake. Mahindi yake nayo yalikuwa mafupi, tusidanganyane, na magunzi yake ni madogo. Ila yalikuwa ya kijani na yalikuwa yanabeba. Kwa hesabu ya gunia kwa ekari, mbegu ya dukani katika udongo mzuri itayashinda mara mbili au tatu. Katika udongo ule, mwaka ule, hayakushindwa na kitu. Nilimuuliza kwa nini hakupanda shamba zima. Akasema vocha haikuwa ya mbegu hiyo.

Alikuwa anakumbuka mpango wa vocha wa kati ya 2008 na 2014. Kaya ilipata mfuko wa Urea, mfuko wa DAP au mifuko miwili ya mbolea ya Minjingu, na kilo kumi za mbegu bora. Minjingu, fosfati yetu wenyewe kutoka Manyara, hufaa hasa kwenye udongo wenye uchachu, maana uchachu ndio unaoiyeyusha, na ina kalisi ndani yake. Ingeweza kuwa dawa ya Mbesa. Lakini wakulima wengi waliipenda DAP kwa kuwa inayeyuka haraka na wameizoea, na hakuna aliyekuja kuwaonyesha tofauti kwenye shamba lao. Agosti 2022 ulianza mpango mpya wa ruzuku wa kidijitali uliouteremsha mfuko wa Urea au DAP hadi shilingi 70,000 wakati bei ya soko ilikuwa imepita laki moja kwa sababu ya vita vya Ukraine. Niliuunga mkono na bado nauunga mkono. Mwaka huohuo maafisa ugani walikabidhiwa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo. Ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma hapa, naomba mnisaidie: takwimu za mifuko iliyouzwa tunatangaziwa kila wiki. Takwimu za mashamba yaliyopimwa katika kila kata ziko wapi? Na yule afisa ugani mmoja mwenye vijiji vitano, pikipiki yake inajazwa mafuta na nani?

Upande wa mbegu sheria zetu zimekwenda njia moja kwa miaka ishirini. Sheria ya Mbegu ya 2003, sheria ya 2012 ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, kisha uanachama wetu wa UPOV mwezi Novemba 2015. Zote zinalinda mbegu ambayo ni ya aina moja isiyobadilika na yenye mwenyewe anayejulikana. Mbegu ya darini kwa mkaza mjomba si ya aina moja, ina mchanganyiko ndani yake, na mchanganyiko huo ndio uliozaa mistari ile minne. Ipo njia ya kati, ile ya mbegu za daraja la kuazimiwa, inayomruhusu mkulima kuzalisha na kuuza katika eneo lake. Lakini aina anayoizalisha lazima iwe imekwisha kusajiliwa. Benki ya nasaba za mimea ya taifa iko Arusha. Kutoka Mbesa hadi Arusha ni mbali kuliko kutoka Mbesa hadi miji mingi ya Msumbiji.

Nilirudi chuoni na udongo wa shamba lile katika mifuko miwili ya nailoni, mmoja kutoka palipokuwa na mikorosho, mwingine kutoka upande wa mistari ya mama. Rafiki yangu wa maabara aliupima bila kunitoza. Wa kwanza ulikuwa na pH 4.5, wa pili 5.1. Fosforasi haikuwa imekwisha katika mfuko wowote. Ilikuwa imefungwa.

Nikampigia simu mjomba. Safari hii nilianza kwa kumuuliza. Alinieleza kwa karibu saa nzima, hadi salio likakatika mara mbili, mikorosho ipi ilipigwa salfa tangu lini, ipi ilisahaulika kwa sababu mwenyewe alikwenda machimbo ya vito miaka ya tisini, wapi walikuwa wakimwaga majivu ya jikoni, na wapi alipokuwa babu akiacha pori. Nilichora ramani nikimsikiliza. Ukiiweka juu ya namba mbili za maabara zinalingana, isipokuwa sehemu moja karibu na mto ambayo yeye anasema ni nzuri na mimi bado sijaipima.

Msimu huu amepanda mihogo palipochacha. Mahindi ya mama yamehamia karibu na mto, robo ekari. Chokaa tunaitafuta, bei ya kuileta kwa lori hadi Tunduru mjini imezidi bei ya chokaa yenyewe.